Masala ya Pakiti, Mtoto wa Misukosuko

Septemba 1947, kijana wa miaka 24 aitwaye Dharampal Gulati aliingia Delhi na rupia 1,500 mfukoni. Nyuma yake ulibaki mji wa Sialkot, ambao mwezi uliotangulia ulikuwa umeangukia upande wa Pakistani, na ndani ya mji huo duka la viungo ambalo baba yake alilifungua mwaka 1919. Sialkot walilijua duka hilo kwa pilipili yake. Delhi hakuna aliyemjua yeye wala pilipili. Akatoa rupia 650 akanunua tonga, lile gari la abiria linalovutwa na farasi, akawa anapiga debe kutafuta abiria wa mtaa wa Karol Bagh. Kazi hiyo haikumkaa. Mwaka 1948 alikuwa na kibanda Karol Bagh kwenyewe, amerudia kazi aliyokulia: kusaga, kupima, kufunga, kuuza.

Kibanda hicho ndicho kilichozaa MDH, kampuni ambayo pakiti zake zimejaa katika maduka ya Kihindi duniani kote, nyingi zikiwa na picha ya mzee Gulati mwenyewe, kilemba kichwani na masharubu meupe. Alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 97.

Wapo wanaoikunjia uso pakiti ya masala. Kwao ni ushahidi wa uvivu: mpishi wa kweli, wanasema, husaga mwenyewe. Historia yenyewe haiwaungi mkono. Karibu kila kitu kinachomwezesha mtu wa leo kutoa dengu au kuku wa masala mezani kwa nusu saa kilizaliwa wakati ambapo watu fulani walikuwa wamebanwa: wamefukuzwa kwao, wamehama, wamepangiwa bei na serikali, au hawana hata senti ya kuanzia. Uvivu haumo kabisa katika orodha hiyo.

Kabla ya pakiti kulikuwa na jiwe. Kwa hakika yalikuwa mawili: moja bapa, limechongwa vijialama ili lisiwe na utelezi, na jingine mviringo la kushika kwa mikono miwili. Juu ya jiwe hilo mwanamke alisaga kitunguu saumu, tangawizi, nazi, pilipili zilizolowekwa na mbegu za viungo, akinyunyiza maji kidogo kidogo mpaka rojo lilainike. Masala ya mchana ilisagwa asubuhi, na ya kesho ikasagwa kesho. Nyumba yenye uwezo ilimlipa mtu afanye kazi hiyo. Isiyo na uwezo ilimwachia mke wa mwana, naye mgongo ukamuuma bila malipo. Wanaousifu utamu wa masala ya jiwe mara nyingi ni wale ambao hawakuwahi kupiga magoti mbele yake.

Hata hivyo jiko la zamani lilijua kuweka akiba, na akiba yenyewe ilifuata msimu. Aprili na Mei, jua likiwa kali kabla ya mvua za Juni, paa na nyua za India ziligeuka kiwanda. Embe mbichi zilikatwa, zikatiwa chumvi na mafuta, zikawa achari. Papadi zilianikwa juu ya vitambaa huku watoto wakifukuza kunguru. Pilipili na manjano ya mwaka mzima vilinunuliwa kwa wingi, vikakaushwa tena, vikatwangwa.

Mumbai, iliyoitwa zamani Bombay, kuna jamii ya Wakatoliki wa asili wa eneo hilo, wanaoitwa East Indian, ambao desturi yao ya msimu huo haijafa mpaka leo. Wanawake watwangaji walipita nyumba kwa nyumba na michi yao. Viungo zaidi ya ishirini vilikaangwa kimoja kimoja, kwa sababu giligilani haiungui kwa muda ule ule na karafuu, kisha vikatwangwa kwenye kinu cha mbao na kuchekechwa. Unga ulishindiliwa kwenye chupa za bia za rangi ya kahawia, zile ambazo hazipitishi mwanga kirahisi, chupa zikazibwa na kukaa mwaka mzima. Mama mwenye chupa hizo aliweza kupika mchuzi wa samaki jioni yoyote bila kugusa jiwe. Upishi wa haraka ulikuwepo, basi, miaka mingi kabla ya kiwanda. Kazi yake tu ndiyo iliyofanywa mapema, tena kwa mikono ya wengine.

Waingereza waliliingia jambo hili kwa mlango wao. Maofisa na wafanyabiashara wa Kampuni ya East India walirudi kwao na ulimi uliokwisha kuzoea pilipili, lakini bila mpishi. Mwaka 1747 Hannah Glasse alikuwa tayari ameweka pishi la mchuzi wa Kihindi katika kitabu chake cha upishi, na mwaka 1784 duka moja la manukato mjini London, la Sorlie, lilitangaza gazetini unga wa kari uliokwisha kuchanganywa. Muuza marashi akawa muuza mchuzi! Tangazo liliahidi pia kwamba unga huo unasaidia tumbo na kuchangamsha mwili, ahadi ambayo wauzaji wa viungo hawajaiacha hadi leo. Bidhaa hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: unga ule ule kwa nyama, samaki, mboga na mayai. Mpishi wa Bengal au Madras asingekubali. Lakini unga ulisafiri na himaya, na Afrika Mashariki ukapata wenyeji wake. Kopo la Simba Mbili limekaa kwenye rafu za jikoni za Kenya na Tanzania kwa vizazi, na wapo watu ambao kwao mchuzi bila kopo hilo si mchuzi.

Pwani hii haikuwa mteja tu. Karafuu iliyotiwa kwenye masala ya Bombay karne ya 19 na ya 20 ilitoka kwa wingi Unguja na Pemba, na uhusiano huo uliwahi kugeuka ugomvi wa kisiasa. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilipitisha sheria iliyoweka ununuzi na usafirishaji wa karafuu mikononi mwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na hivyo kuwakata miguu wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wameishika biashara hiyo. India ilijibu jikoni. Chama cha Congress kiliitisha mgomo, na wanunuzi wa Bombay wakaisusa karafuu ya Zanzibar. Mgomo uliuma, kwa kuwa India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kuelewana na wafanyabiashara. Mama wa nyumba wa Bombay aliyekaa bila karafuu miezi ile alikuwa anapigana vita vya watu aliowahi kuwasikia tu.

Uhuru na mgawanyiko wa 1947 ndio uliovunja mpangilio wa zamani. Mamilioni walihama, wengi wakaingia mijini, kwenye vyumba visivyo na paa la kuanikia wala ua wa kutwangia. Nyumba ya pamoja, yenye bibi, shangazi na wake wa wana wanne wakigawana kazi, iligawanyika ikawa mume, mke na watoto. Nani angetwanga? Hapo ndipo wauzaji kama Gulati walipopata nafasi. Kikwazo chao hakikuwa ladha, kilikuwa uaminifu. Mnunuzi wa viungo vilivyosagwa aliogopa, tena kwa haki, kwamba ndani ya pilipili kuna vumbi la tofali na ndani ya manjano kuna rangi. India ilikuwa na sheria ya kupanga madaraja ya mazao tangu 1937, na mwaka 1954 ikapitisha sheria mahususi dhidi ya uchakachuaji wa chakula. Picha ya mwenye duka kwenye pakiti ilikuwa na kazi hiyo hiyo: mnunuzi auone uso wa kulaumu.

Tarehe 15 Machi 1959, juu ya paa la jengo moja mtaa wa Girgaum, Bombay, wanawake saba wa Kigujarati walikaa na mkopo wa rupia 80 na ujuzi mmoja tu walioujua vizuri, kusukuma papadi. Mmoja wao alikuwa Jaswantiben Popat. Siku hiyo walitengeneza pakiti nne. Ushirika wao, Lijjat, una utaratibu ambao ni rahisi kuueleza na mgumu kuuiga: asubuhi mwanachama anafika tawini na kuchukua donge la unga wa choroko nyeusi uliokwisha kukandwa na viungo, anakwenda nalo nyumbani, anasukuma duara jembamba moja baada ya jingine, anayaanika, na kesho yake anarudisha papadi kavu, zinapimwa, analipwa, anachukua donge jingine. Wanachama leo ni zaidi ya 40,000, na kila mmoja anahesabiwa kuwa mwenye mali. Kazi ya Aprili na Mei iliyokuwa haina malipo ilipata ujira. Kwa mpishi wa mbali, papadi ya Lijjat inayoiva kwa sekunde chache juu ya moto ni urahisi mtupu. Urahisi huo una mikono ya mwanamke wa Mumbai ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1959 sufuria ya presha ilianza kutengenezwa India kwa kiwango kikubwa. Serikali ilikuwa imebana uagizaji wa bidhaa kutoka nje kwa uhaba wa fedha za kigeni, hivyo kampuni ya TT ya kusini, iliyokuwa ikileta sufuria za Prestige kutoka Uingereza, ikaanza kuzitengeneza yenyewe, na Bombay ikaanzishwa kampuni ya Hawkins. Chombo chenyewe ni cha zamani, Denis Papin alikionyesha London mwaka 1679, lakini hakuna taifa lililokipenda kama India. Sababu ni dengu. Ndani ya sufuria iliyofungwa maji huchemka kwenye takriban nyuzi 120 za Selsiasi badala ya 100, na mbegu za jamii ya kunde ambazo zingemaliza mkaa au mafuta ya taa kwa zaidi ya saa moja huiva kwa sehemu ndogo ya muda huo. Mapishi yakaanza kuhesabiwa kwa filimbi: dengu filimbi tatu, njegere ngumu zilizolowekwa usiku kucha filimbi sita. Saa ya ukutani ikapumzika.

Pishi lenyewe la jioni lilibadilika. Dengu inaoshwa, inaingia na maji, manjano na chumvi. Mpishi anaendelea na shughuli zake mpaka filimbi zitimie. Kisha kikaango kidogo kinawekwa motoni na samli. Bizari nyembamba inatupwa, inapasuka na kubadilika rangi. Kitunguu saumu kinafuata, pilipili kavu mbili, chembe ya mvuje, ambao ukiwa mbichi hunuka vibaya kabisa na ukigusa samli ya moto hutoa harufu ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Yote yanamiminwa juu ya dengu na kuchachatika. Nusu saa imetosha, na hakuna kilichosagwa.

Jiwe nalo likapata mshindani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashine ya kusagia ya Kijerumani ya Braun iliungua jikoni kwa Madhuri Mathur wa Bombay. Mashine za Ulaya zilitengenezwa kwa ajili ya matunda na vitu laini. Manjano makavu na mchele uliolowekwa viliziua. Mumewe, Satya Prakash, alikuwa mhandisi wa Siemens, akaunda mota yenye nguvu ya kusaga chakula cha nyumbani kwake, na Sumeet ikazaliwa. Kwa miaka mingi mashine hiyo ilikuwa zawadi ya harusi isiyokosekana, na ilisafirishwa kwenye mizigo ya Wahindi waliohamia nchi za nje.

Kusini, mjini Bangalore, mgahawa wa ndugu wa ukoo wa Maiya, uliofunguliwa mwaka 1924 na kujulikana baadaye kama MTR, ulipata mafanikio yake mara mbili kwa kubanwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mchele ulipoadimika, waliitengeneza idli, ile keki laini ya mvuke, kwa semolina badala ya mchele, na ikapendwa hadi leo. Mwaka 1975 waziri mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari, bei za vyakula mikahawani zilishushwa kwa amri. MTR walijikuta wakiuza kwa hasara, maana kushusha ubora hawakutaka. Badala ya kuwaacha wafanyakazi wapotee wakahamia kwenye kusaga viungo na kufunga michanganyiko: idli ya pakiti, dosa ya pakiti, masala ya mchuzi wa sambar. Amri ya bei iliyokusudiwa kumlinda mla mkahawani ikamjazia kabati mla nyumbani.

Msukosuko unaoihusu zaidi Afrika Mashariki ni wa familia moja ya Kigujarati kutoka Kenya. Lakshmishanker Pathak aliondoka Kenya na mkewe Shanta Gaury mwaka 1956, katika miaka ya hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, akafika Uingereza na pauni 5. Kazi aliyopata ilikuwa ya kusafisha mifereji ya majitaka ya London. Mkewe akapika sambusa na halua nyumbani, kwenye jiko dogo, watoto wakapeleka kwa wateja, na kufikia 1957 kulikuwa na biashara. Wateja wa kwanza walikuwa wanafunzi na wahamiaji waliokuwa na hamu ya chakula cha kwao na bila muda wala jiwe. Majirani walilalamikia harufu. Familia ikahamisha shughuli hadi kwenye kinu cha zamani katika mji wa Brackley.

Walilolifanyia kazi ni tatizo ambalo kila mwenye kopo la masala analijua: viungo vikishasagwa, harufu inaanza kutoroka siku hiyo hiyo. Jibu lao likawa rojo. Viungo vilipikwa ndani ya mafuta, kwa kuwa harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, vikatiwa siki au ukwaju ili visiharibike, vikafungwa kwenye chupa. Mpishi anachota vijiko viwili, na hatua inayowashinda wengi, ya kukaanga viungo bila kuviunguza, imeshafanywa kiwandani. Herufi moja iliondolewa kwenye jina ili Mwingereza alitamke bila taabu, na chupa zikaandikwa Patak's.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza, wengi wakapokelewa kwenye kambi zilizokuwa za kijeshi, na huko wakakutana na chakula cha kuchemsha kisicho na chumvi ya kutosha, sembuse pilipili. Pathak alipata zabuni ya kupeleka vyakula kambini, akaagiza shehena kubwa, kisha watu wakatawanyika mapema kuliko ilivyotarajiwa na mzigo ukamwelemea hadi akakaribia kufilisika. Lakini wale wale waliotawanyika walifungua maduka. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije mjini kwao; walikwenda, na mitaa ya Leicester ikapata maduka ya dengu, unga wa chapati, ukwaju na samli ambayo hakuna supamaketi ya Kiingereza iliyokuwa nayo. Muuza duka wa Kampala na Jinja ndiye aliyemfundisha Mwingereza wa kawaida kwamba dengu zina rangi zaidi ya moja.

Mwaka 2007 ulileta kitu kama kioja. Patak's ilinunuliwa na Associated British Foods ya Uingereza, na mwaka huo huo kampuni ya vyakula ya MTR ikanunuliwa na Orkla ya Norway. Biashara mbili zilizoanzia kwenye dhiki, moja ya mhamiaji wa Kenya na nyingine ya mkahawa uliopangiwa bei, zikawa mali ya makampuni makubwa ya Ulaya.

Uaminifu uliouzwa pamoja na pakiti nao umetikiswa. Aprili 2024 Hong Kong ilisimamisha uuzaji wa michanganyiko mitatu ya MDH na mmoja wa Everest, kampuni nyingine ya viungo ya India, kwa madai ya kukutwa na oksidi ya ethileni, kemikali ya kuulia vijidudu ambayo ikizidi huhusishwa na saratani. Singapore nayo ikaamuru ule wa Everest urudishwe. Kampuni zilikanusha kwamba bidhaa zao ni hatari. Mamlaka za nchi nyingine zikaanza kupima zenyewe. Swali la mnunuzi wa 1948, kuna nini humu ndani, limerudi, safari hii anayeuliza ni mtu wa maabara.

Kwa anayejaza kabati lake leo, Dar es Salaam, Mombasa au kokote, historia hii ina ushauri wa vitendo. Fedha za kwanza ziende kwenye sufuria ya presha na dengu za aina mbili tatu, kwa sababu hapo ndipo muda mwingi unapookolewa. Bizari nyembamba, giligilani, karafuu na iliki zinunuliwe nzima, kidogo kidogo, na zisagwe kwa blenda ya viungo zinapohitajika. Manjano, kwa ugumu wake, yanunuliwe yamesagwa kwa muuzaji anayejulikana. Chupa moja ya rojo ihifadhiwe kwa ajili ya siku ya kuchelewa kazini. Pakiti zilizochanganywa ziwe za mwisho kwenye orodha, na kabla ya kulipa, mnunuzi ageuze asome tarehe ya kufungwa, maana zilizokaa rafuni mwaka mzima zimebaki rangi tu.